Verna Dreessen na Kocha Aliyerudi

Habari kwamba Royce Amdahl anarudi kufundisha timu ya chuo zilimkuta Verna Dreessen amebeba sinia la vikombe vichafu, na aliyezileta hakuwa na adabu ya kumngoja aliweke chini.

"Verna, umesikia? Amdahl anarudi nyumbani," alisema Harlan Boettcher, muuza matrekta, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

"Nyumbani kwa nani?" Verna akauliza.

Meza nzima ikacheka, maana walidhani anatania. Verna akaingia jikoni, akasimama mbele ya sinki huku maji yakimwagika bure, mpaka Lindy, mwenye mgahawa, akamuuliza kama anaumwa.

Haumwi, alisema. Na Lindy hakuuliza zaidi, kwa sababu mji mzima wa Wymer ulijua Verna ana nini moyoni. Ila walikuwa wamekubaliana zamani kwamba ule ni uchungu wa mama tu, na uchungu wa mama watu huupa pole, hawaupi masikio.

Miaka tisa kabla ya hapo, Makorongo, ndivyo timu ya chuo inavyoitwa, walifika fainali kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mpira wa huku Nebraska si wa kupiga teke. Ni wa kubebana na kuangushana, vijana wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, na anayecheza mstari wa mbele kazi yake ni kugongana, basi. Lyle, mtoto wa pekee wa Verna, alicheza mstari wa mbele. Siku ile ya fainali aligongwa akaanguka, akainuka, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. Majukwaani watu walicheka. Pete Zoubek, aliyekuwa mganga wa timu, alimfuata, akamkalisha, akamtazama machoni, kisha akafanya wanachofanya watu wa kazi yake kila mahali: alimvua helmeti akaificha nyuma ya ndoo ya maji. Asiye na helmeti haruhusiwi kuingia uwanjani, na kijana aliyetikisika ubongo atakuapia kwa jina la Mungu kwamba yuko salama ili mradi aingie. Ndiyo maana helmeti hufichwa.

Verna aliyaona hayo. Wengine wote walikuwa wanatazama mpira, yeye alikuwa anamtazama mwanawe. Na mechi ilipokaribia kwisha, matokeo yakiwa yananing'inia, alimwona Kocha Amdahl akiinama nyuma ya ndoo, akaitoa ile helmeti, akamvika Lyle kwa mikono yake mwenyewe na kumfunga kamba ya kidevu, kama anavyofungwa kofia mtoto wa chekechea anapotolewa kwenye baridi. Lyle akaingia. Makorongo wakashinda. Lyle alitolewa kwa machela huku bendi ikipiga.

Chuo kiliulizauliza, kwa heshima. Kocha akasema kijana alisisitiza yuko sawa, akajichukulia helmeti mwenyewe na kuingia kabla hajazuiwa. Zoubek akasema hakuona. Alikuwa anakaribia kustaafu. Siku hizi yuko makaburini nyuma ya kanisa la Walutheri, na ukimya wake amelala nao. Video zilifuata mpira, kama kawaida. Hakuna kamera iliyohangaika na benchi. Basi ikabaki kauli ya kocha mwenye kombe, na kauli ya mhudumu wa mgahawa ambaye shule aliiacha akiwa bado msichana. Kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, Amdahl alishachukuliwa na chuo kikubwa cha huko mashariki. Kombe likawekwa kwenye kabati la kioo. Duane, mume wa Verna, akaenda Denver, akasema hawezi kuishi katika nyumba iliyofungwa mapazia mchana.

Mapazia yalifungwa kwa ajili ya Lyle. Mwanga ulimuumiza kichwa. Siku njema alikwenda kwenye ghala la mahindi la ushirika akafagia na kufunga magunia; siku mbaya alikaa jikoni gizani, taulo lenye barafu shingoni, na ukimwambia jambo jioni, asubuhi limekwisha mtoka kichwani. Lakini hayo yote Verna alikwisha kuyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni kitu kimoja: Lyle, ambaye hakukumbuka chochote cha siku ile, hata chai ya asubuhi, aliamini kwamba alijiponza mwenyewe. Mji ulimwambia hivyo, naye akakubali.

"Usimlaumu mtu, Mama. Nilijitakia."

"Hukujitakia. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

Hapo Lyle alikuwa akimpapasa mkono, kwa upole ule uliomkata maini kuliko matusi. "Najua, Mama. Unanifariji."

Ndiyo sababu Verna hakutaka radhi ya Royce Amdahl, wala kitu chake chochote. Alitaka Amdahl afungue kinywa aseme alichofanya, Lyle apate kusikia kwa mtu asiye na sababu ya kumfariji.

Amdahl alirudi mwezi wa nane, kichwa kimekuwa cheupe. Chuo kikubwa kilimchoka kikamwacha, na Makorongo, ambao hawakuwa wameshinda mechi hata moja tangu mwaka juzi, walimpokea kama mvua. Mtu alipanda juu ya ghala la nafaka akapaka jina lake kwa rangi ya zambarau. Na kwa sababu kocha yupo, ile desturi ya zamani ikafufuliwa: kila Jumatatu mchana wakati wa msimu, kocha hula kwa Lindy pamoja na yeyote anayetaka, kisha anasimama na kuulizwa maswali juu ya mechi ya Jumamosi. Kocha wa Wymer anaweza kukosa ibada akasamehewa. Jumatatu haikosi.

Kwa hiyo Verna alimhudumia. Angefanyaje? Jumatatu ya kwanza ukumbi ulijaa hadi watu wakala wamesimama, supu nzito ya maharage na nyama mkono mmoja, mkate wa mdalasini mkono mwingine. Alipofika kwenye kiti cha kocha akammiminia kahawa bila kumtazama.

"Verna," Amdahl alisema. "Lyle hajambo?"

Mazungumzo ya meza za jirani yakapungua sauti.

"Nenda kamtazame. Mlango unaujua, uliwahi kula kwangu."

"Nitakwenda."

"Maziwa?"

"Hapana, asante."

"Kumbe umebadilika," Verna alisema, akaondoka. Mchungaji akamfuata mpaka kwenye mlango wa jikoni kumkumbusha juu ya kusamehe. Verna akamwuliza kama anataka mkate mwingine wa mdalasini. Mchungaji akasema anataka.

Amdahl hakwenda. Timu ilipoteza mechi ya kwanza, ikapoteza ya pili kwa aibu, na Jumatatu ya tatu baadhi ya viti vilikuwa vitupu. Verna alimvizia kwenye korido ya chooni, pale pasipo na mtu wa kumfanya Amdahl awe kocha.

"Royce. Nilikuona ukitoa helmeti nyuma ya ndoo."

Amdahl alikuwa anakausha mikono kwa karatasi. Aliendelea kuikausha hata ilipokuwa imekauka.

"Verna, kijana mwenyewe alisema yuko sawa."

"Nani alimsikia?"

"Mimi nilimsikia."

"Basi umesikia peke yako, nami nimeona peke yangu. Tofauti ni kwamba wewe wanakuamini." Akamsogelea. "Sina haja ya kukufukuzisha kazi. Mwambie Lyle tu. Anaamini ni yeye."

Amdahl akaitupa ile karatasi, ikadondoka nje ya pipa, akainama kuiokota. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu, labda kwa kuinama. "Nina timu ya kujenga," alisema, akapita ubavuni kwake.

Jioni ile Verna alirudi nyumbani akavunja sahani kwa makusudi, moja tu, ile yenye ufa, kwa kuwa hata hasira yake ilikuwa imezoea kubana matumizi.

Msimu ukaenda kama gari lililoishiwa breki. Makorongo walishinda mechi moja, dhidi ya timu iliyokuwa mbovu kuliko wao, wakapoteza zilizofuata. Ile rangi ya zambarau kule juu ya ghala ikaanza kuchuruzika kwa mvua za mwezi wa kumi. Jumatatu zikapungua watu hadi zikabaki meza mbili, na wale waliobaki walikuja kwa ajili ya kulalamika. Verna hakuwa mtakatifu. Aliyasikiliza malalamiko yale kama mtu anayesikiliza muziki.

"Kocha, ulinzi wetu una matundu kama wavu wa kuku."

"Tunaufanyia kazi, Harlan."

"Bibi yangu angepita pale, na fimbo yake."

"Mlete mazoezini, tunahitaji wachezaji."

Walicheka, na Verna alijikuta karibu acheke. Akajikasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa kweli mtu yule alikuwa anachoka mbele ya macho yake. Alikula kidogo, alikaa peke yake kwenye nyumba ya kupanga karibu na reli. Mkewe hakuja naye kutoka mashariki. Verna angependa aonekane mbaya zaidi kuliko alivyoonekana. Ni kazi kumchukia mtu unayemwona kila wiki akichovya mkate kwenye supu kama watu wengine.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowafanya watu wasikate tamaa kabisa: Tavion Mills, mrusha mpira wa timu, kijana kutoka Kansas City, mrefu, mwenye mkono kama kombeo. Alikula kwa Lindy siku za Alhamisi na kumwita Verna "shangazi", jambo ambalo Verna alijifanya halimfurahishi. Na ilibaki mechi moja, ya Holbrecht. Holbrecht wako ng'ambo ya mto, na wakati wa kombe waliwaita Wymer wezi. Mji ukasema: msimu wote tumeusamehe, tupatieni Holbrecht.

Verna hakuwa amekanyaga uwanjani tangu siku ya machela. Jumamosi ile alikuwa jikoni kwa Lindy anamenya viazi, na redio ilikuwa juu ya friji. Mpaka karibu na mwisho Makorongo walikuwa mbele. Lindy alikuwa ameacha kupika, ameshika mwiko kama mshumaa.

Ndipo mtangazaji akasema Mills amegongwa. Mills yuko chini. Mills ameinuka, anatoka mwenyewe, anapiga makofi, anaonekana yuko sawa kabisa, atakosa zamu moja tu. Ikapita moja. Ikapita nyingine. "Sielewi," mtangazaji akasema. "Mills anataka kuingia, anabishana na kocha. Kocha Amdahl ameshika helmeti ya Mills. Ameishika nyuma ya mgongo wake. Mills anaifuata, kocha anageuka. Jamani. Kocha ameikalia. Kocha Amdahl amekaa juu ya helmeti ya mchezaji wake."

Verna alisimama, na kiazi mkononi.

Aliingizwa mrushaji wa akiba, kijana mwenye woga aliyeuangusha mpira mara ya kwanza aliposhikishwa. Holbrecht wakauokota, wakakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, wakaongoza. Mechi ikaisha hivyo. Kelele zilizotoka redioni hazikuwa za furaha, na Lindy akazima.

"Amerukwa na akili," Lindy alisema.

Verna alikaa kwenye gunia la viazi. Kilichompata si furaha. Kilikuwa kitu kama wivu: kwamba mtoto wa mwanamke mwingine, huko Kansas City, ameyapata yale aliyonyimwa wake.

Jumatatu ukumbi ulijaa kuliko ile siku ya kwanza. Watu walikuja na makoti yao hawakuyavua. Hakuna aliyeagiza mkate wa mdalasini. Amdahl alikuja kwa wakati wake, akapita katikati yao, akakaa kwenye kiti chake, na Verna akammiminia kahawa kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Harlan Boettcher hakungoja kocha ale. Alisimama. "Kocha, sisi ni watu wa subira. Lakini kijana alisema yuko sawa. Hata redioni walisema. Tumemwona akitoka kwa miguu yake. Sasa tueleze, ulikuwa unakalia nini pale, yai?"

Wengine walicheka, cheko la meno tu.

"Nilimuuliza tuko mji gani," Amdahl alisema bila kusimama. "Akanitajia mtaa wa kwao."

"Alikuwa anatania. Vijana hutania."

"Hakuwa anatania, Harlan. Macho yale nayajua."

"Unayajua kutoka wapi? Wewe daktari? Mwaka wa kombe ulikuwa na moyo. Lyle Dreessen alisema yuko sawa, ukamwacha acheze, na tukashinda. Yule ndiye kocha tuliyemtaka arudi."

Ukumbi ukaunga mkono kwa kunguruma. Kisha wachache wakamkumbuka aliyesimama ukutani na birika, wakanyamaza, na wengine wakanyamaza kwa kuwaona hao.

Amdahl alisimama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lyle hakusema yuko sawa," alisema. "Hakusema kitu. Nilimuuliza tuko mji gani akanitazama tu. Pete alikuwa ameficha helmeti nyuma ya ndoo. Mimi niliitoa. Mimi nilimvika. Nikamwambia aingie, akaingia, kwa sababu siku zote alifanya nilichomwambia. Halafu nikawaambia chuo, na nikawaambia ninyi, kwamba alijitakia."

Kilichofuata ndicho ambacho Verna, baadaye, alishindwa kumwelezea mtu. Kwa miaka yote alikuwa amejipangia jinsi watu watakavyogeuka wamtazame siku wakisikia: Harlan atasema nini, mchungaji atasema nini, wanawake wa kwaya. Hakuna aliyegeuka. Walitazama vikombe vyao. Mtu mmoja akakohoa. Harlan akasema, polepole, kama anayemwondolea mtu sahani, "Hayo si ya leo, Kocha. Leo tunazungumzia Holbrecht."

Na kweli mtu mwingine akauliza juu ya mrushaji wa akiba.

Verna akaelewa kwamba haya ndiyo yote atakayopata kwa Wymer. Wamesikia, na wataendelea kunywa kahawa. Akaweka birika juu ya meza ya Harlan, juu kabisa ya kitambaa cheupe, likaacha duara. Akamwendea Amdahl.

"Chukua koti lako."

Amdahl alilichukua, kwa unyonge, akidhani anafukuzwa. "Sawa, Verna. Nimestahili."

"Hujaelewa. Hawa umewaambia. Twende ukamwambie mwenye kichwa chake."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka baada ya kustaafu?"

Lindy akatoka jikoni. "Verna, meza hizi nani ataziangalia?"

"Wana mikono. Watajimiminia."

Walikwenda kwa gari la Amdahl. Ilikuwa siku mbaya ya Lyle. Alikuwa jikoni, mapazia yamefungwa, taulo shingoni. Aliinua uso, akakodoa macho kwenye ule mwanga mdogo wa mlangoni.

"Kocha? Mama hakuniambia unakuja. Samahani, sijachana nywele."

"Kaa tu, Lyle."

"Nasikia mmefungwa na Holbrecht."

"Tumefungwa."

"Pole, Kocha."

Amdahl alimgeukia Verna, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka. Verna alikuwa ameegemea mlango, na hakuna aliyeweza kupita. Basi akavuta kiti, akakaa, akasema yote. Safari hii ilikuwa ngumu kuliko kwa Lindy. Alikwama katikati mara mbili, ya pili pale pa kufunga kamba ya kidevu. Verna hakumsaidia. Alitamani kumsaidia, hilo lilimshangaza, lakini hakumsaidia.

Lyle alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikuomba?"

"Hukuomba."

"Sikuichukua mwenyewe."

"Hapana. Ulikuwa umekaa umetulia. Ungekaa pale hadi mwisho."

Lyle alitoa taulo shingoni, akalikunja, akalikunja tena. Uso wake ulianza kubadilika. Verna hakuwa ameiona sura ile tangu Lyle akiwa kijana mdogo mwenye kununa: alikuwa anakasirika. Miaka yote ile alikuwa hajakasirika, kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe.

"Nilikuwa na mchumba," Lyle alisema. "Aliondoka akaniambia hawezi kuishi na mtu aliyejifanyia hivi. Nikamwambia ana haki."

Amdahl akainamisha kichwa.

"Sema tena," Lyle alisema.

"Lyle..."

"Sema tena. Polepole. Mimi nikilala jambo linatoka."

Amdahl akasema tena, tangu mwanzo, polepole, na safari hii Lyle alikuwa anasogeza midomo pamoja naye, kama mtoto anayefundishwa sala. Alipomaliza, Lyle akasimama, mrefu, amejishika kwenye kiti.

"Sasa nenda. Sitaki kukuona humu ndani jioni hii." Amdahl alikuwa amefika mlangoni alipoitwa. "Lakini kesho asubuhi uje. Itakuwa imetoka. Mama akiniambia nitadhani ananifariji."

"Nitakuja."

"Na kesho kutwa."

"Nitakuja, Lyle."

Usiku Verna hakumwuliza mwanawe kitu. Alimpikia mayai, akamwona akila yote. Kama Amdahl angekuja au asingekuja, hakujua. Watu wa aina ile hujua sana kuahidi. Alilala amevaa nguo zake.

Asubuhi, barafu nyembamba ikiwa juu ya nyasi, gari lilisimama nje. Verna alikuwa kwenye ngazi za nyuma anatikisa mkeka. Alisikia hatua barazani, kisha kugonga, na akangoja, maana kwa kawaida yeye ndiye aliyefungua. Akasikia kiti cha jikoni kikisukumwa nyuma.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Lyle.

"Royce Amdahl. Uliniambia nije."

"Nilikuambia uje kufanya nini?"

Verna akashika ule mkeka kifuani. Kisha yule mtu akaanza kueleza, akiwa bado amesimama nje kwenye baridi, na mwanawe akafungua mlango ili asikie vizuri.